Fahamu: Chupa iliyotiwa petroli hurudije kuwa chupa ya maji?

Plastiki ya PET, ile ya chupa za maji, hunyonya kidogo kile ilichotiwa. Chupa iliyowekwa petroli au dawa ya wadudu ikiingia kwenye urejelezaji, maji moto na sabuni huondoa uchafu wa juu tu. Kilichopenya hutolewa kwa kupasha vipande vya chupa iliyosagwa moto mkali, mara nyingi ndani ya ombwe, hadi kemikali zitoke zikiwa mvuke.

Ulaya haitosheki na ahadi kwamba usafishaji huo umefaulu. Mwenye teknolojia huichafua plastiki makusudi kwa kemikali kama toluini na benzofenoni, huipitisha mtamboni, kisha hupima kilichosalia. Matokeo hukaguliwa na mamlaka ya usalama wa chakula, EFSA, ambayo pia hutaka plastiki isiyotoka kwenye vifungashio vya vyakula isizidi asilimia 5 ya malighafi. Sharti hilo, naona, ndilo gumu zaidi: linamtegemea mchambua taka.