Nyumba na Rehani
Sehemu ya Tatu: Kuongeza Deni kwa Ajili ya Kutengeneza Nyumba

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulieleza namna rehani inavyofungwa, na jinsi hati ya nyumba inavyokaa katika sanduku la benki ilhali mwenyewe analala chini ya paa lake. Na leo, kwa kuwa haja hii imewafika wasomaji wengi wa pwani, tutasema juu ya mtu ambaye, akiisha kulipa kwa miaka minne au mitano, humrudia mdai wake na kumwomba amwongezee fedha juu ya rehani ile ile, ili nyumba itengenezwe au ipanuliwe.

Haja hiyo si ya anasa siku zote. Nyumba zilizo karibu na bahari, Mombasa, Malindi au Lamu, huliwa na chumvi ya upepo: mabati huota kutu kabla ya wakati wake, na nondo zilizomo ndani ya zege, zikishafikiwa na unyevu wa chumvi, huvimba kwa kutu zikalipasua zege lenyewe, likamomonyoka vipande vipande juu ya vichwa vya wakaao. Tena ukoo hukua. Kijana aliyekuwa mwanafunzi wakati rehani ilipofungwa sasa ni bwana harusi, na mama mzee aliyekuwa akiishi peke yake katika nyumba ya ghorofa amehamia kwa mwanawe, kwa kuwa hana tena nguvu za kupanda ngazi. Chumba kinatakiwa, na fedha taslimu hazipo.

Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 inamruhusu mshika rehani kutoa fedha zaidi kwa dhamana ile ile, madhali hati ya rehani ilitaja ruhusa hiyo. Lakini fedha hizo za nyongeza hazimtangulii mdai mwingine aliyekuja baadaye akashika rehani ya pili juu ya nyumba hiyo hiyo, illa ruhusa ile iwe imeandikwa katika daftari la msajili wa ardhi, au mdai huyo wa pili awe ameridhia kwa maandishi. Ndiyo sababu wakili wa benki hulifungua daftari kwanza kabla ya kumsikiliza mwombaji. Kisha mthamini hutumwa kuitazama nyumba, na ushuru wa stempu hulipwa juu ya kiasi kilichoongezwa, nao ni senti kumi kwa kila shilingi mia. Na ujira wa wakili na wa mthamini aghalabu humwangukia mwombaji, ijapokuwa benki ndiyo iliyowachagua. Gharama hizi yafaa ziulizwe mapema, kwa sababu nimewaona watu waliopanga fedha zao zote kwa saruji na mbao, wakalazimika kuacha ukuta mmoja bila lipu kwa kuwa fungu lake lilikuwa limekwenda kwa wakili.

Hapa sina budi kusimama kidogo kwa ajili ya wenyeji wengi wa Majengo na mitaa mingine ya Mombasa, ambako ipo ile milki iitwayo nyumba bila ardhi, ambamo mwenye kuta na paa ni mtu mmoja, na mwenye ardhi ni mwingine anayepokea kodi ya kiwanja chake. Mtu wa namna hii, hata nyumba yake ikiwa imara na amekaa humo tangu enzi ya babu yake, aghalabu hana cha kuweka rehani, kwa maana rehani hushika ardhi iliyoandikwa kwa jina la mwekaji; basi yeye hujenga kwa fedha zake za mkononi, chumba kwa chumba, mwaka kwa mwaka, na haya tunayoyasema leo yanampita. Naona ni dhuluma ya zamani ambayo haijapata dawa yake, na kuitaja ni wajibu hata kama mlango wake si wa makala hii.

Sasa tuingie katika hesabu, maana humo ndimo wengi wanamopotea. Tumfikirie mtu aliyekopa shilingi 3,000,000 kwa riba ya asilimia 13 kwa mwaka, kwa ahadi ya kulipa kwa miaka 15. Kila mwezi atatoa takriban shilingi 37,950. Ikiisha miaka mitano atakuwa ametoa kama shilingi 2,277,000, na moyoni mwake ataona kwamba zaidi ya nusu ya deni imekwisha. Lakini akiomba hesabu yake ataambiwa kwamba angali anadaiwa takriban shilingi 2,542,000. Benki haikumwibia. Riba hupigwa kila mwezi juu ya deni lililobaki, na kwa kuwa deni la mwanzo ni kubwa, katika miaka hiyo mitano sehemu nne katika kila sehemu tano za malipo yake zimekwenda kuilipa riba, na sehemu moja tu ndiyo iliyolipunguza deni lenyewe. Basi mtu aendapo kuomba nyongeza katika mwaka wa sita, ajue yakini kwamba hajaufika ukingo wa pili, angali karibu na ule alioanzia. Na kama benki iko tayari kumwongezea, mara nyingi ni kwa sababu bei ya nyumba imepanda sokoni, wala si kwa sababu deni limeshuka.

Tuseme mtu huyu anataka shilingi 800,000 za kuezeka upya na kuongeza vyumba viwili vya uani. Deni lake sasa litakuwa shilingi 3,342,000. Karani wa benki atamwekea njia mbili mezani. Njia ya kwanza ni kulimaliza deni lote katika miaka 10 ile ile iliyobaki, na malipo ya mwezi yatapanda yafike karibu shilingi 49,900, yaani zaidi ya shilingi 11,900 juu ya aliyokuwa akitoa. Njia ya pili ni kuanza upya miaka 15, na malipo yatakuwa kama shilingi 42,290 tu, nyongeza isiyofika shilingi 4,350 kwa mwezi. Aliye na watoto shuleni ataipenda njia ya pili mara moja, na karani hatamzuia, kwa kuwa mshahara wake unaimudu bila taabu.

Lakini tuzijumlishe. Kwa njia ya kwanza, zile shilingi 800,000 zitamgharimu takriban shilingi 1,433,000 mpaka deni likome. Kwa njia ya pili, tukichukua malipo yote ya miaka 15 mipya na kuyatoa yale ambayo angeyalipa katika miaka 10 lau asingeongeza kitu, tutaona kwamba shilingi 800,000 zimezaa malipo ya zaidi ya shilingi 3,056,000. Riba ni ile ile ya asilimia 13. Hakuna aliyemdanganya wala kumfichia neno. Kilichomgharimu ni kwamba pamoja na deni jipya la paa, deni lake la kale lote, zile shilingi milioni mbili na nusu, limerefushwa kwa miaka mitano ambayo halikustahili kuwa nayo, na kila mwezi wa miaka hiyo limetozwa riba upya. Haya ndiyo ninayoyataka yasomwe kwa utulivu na kila mwenye haja, kwa sababu karatasi za benki huionyesha riba kwa tarakimu kubwa, na miaka huitaja kwa neno moja tu.

Tuchukue pia mtu mwingine, ambaye hakuigusa rehani yake kabisa, akachukua shilingi 800,000 hizo hizo katika chama cha akiba na mikopo, kwa riba ghali zaidi ya asilimia 18, alipe kwa miaka minne. Kila mwezi atatoa shilingi 23,500 mbali na rehani, na huo ni mzigo mzito ambao si kila bega linauweza. Lakini mwisho wa mwaka wa nne atakuwa ametoa shilingi 1,128,000 tu, naye yu huru. Fauka ya hayo, kama dhamana ya mkopo wake ni akiba yake na wadhamini wenziwe, basi akikwama katika deni la paa nyumba haimo katika dhamana hiyo. Aliyeongeza juu ya rehani hana faraja hiyo: akishindwa na fedha za vyumba vya uani, hakiuzwi chumba cha uani peke yake, bali nyumba yote tangu msingi.

Sisemi haya kwa kuwa nachukia rehani, wala sijipi daraja ya mtu asiyekosea. Mwaka niliomwoza binti yangu nilikubali deni langu lirefushwe, ili sebule itiwe vigae na dari ya jasi, wageni wasione aibu ya nyumba yangu. Na hata leo ninavilipia vigae ambavyo vingi vyao vimekwisha kung'oka, kwa sababu ya unyevu uliokuwa chini ya sakafu, ambao fundi alinisihi niutibu kwanza nami sikumsikiliza. Tangu siku ile nimekuwa nikiuliza, kwa kila kinachotaka kununuliwa kwa deni la nyumba, kitadumu miaka mingapi. Msingi ulioimarishwa hudumu kupita deni; paa jema, likiezekwa kwa mabati yanayostahimili chumvi, hudumu; nyaya za umeme na mabomba yaliyobadilishwa huilinda nyumba na moto na maji; na vyumba vya kupangisha, mahali penye wapangaji, vyaweza kujilipia vyenyewe kwa kodi yao. Ama rangi, mapazia na makabati ya jikoni, vitu hivi hufa kabla ya deni lake, na mthamini apitapo hatazihesabu shilingi ulizozitumia, atahesabu zile ambazo mnunuzi angekubali kuzitoa.

Anayepanua nyumba hana budi kupata kibali cha kaunti kabla ya kuchimba, na benki yenye hadhari haitoi fedha zote kwa mkupuo mmoja, bali huzitoa kwa mafungu kadiri kazi inavyoendelea. Ni vema kukubali utaratibu huo hata kama unachosha, kwa kuwa fedha zikikaa zote mkononi hupata kazi nyingine.

Lipo jambo la idhini, nalo si la kupitiwa haraka. Sheria ile ya mwaka 2012 inasema kwamba rehani ya nyumba ya ndoa haisihi ila mwenza anayeishi humo, na wenza wote kama ni zaidi ya mmoja, awe ametia sahihi au pawe na ushahidi kwamba ameridhia. Wapo wanaume wanaoliona sharti hili kuwa udhia wa mawakili, wakampelekea mama watoto karatasi wakati yuko jikoni, wamwonyeshe mahali pa kutia kidole. Ridhaa ya namna hiyo si ridhaa. Yeye ndiye atakayebaki humo mume akifa kabla ya deni, na ana haki ya kuelezwa miaka mingapi imeongezwa na kwa kiasi gani, kwa lugha anayoielewa na kwa wasaa. Kadhalika nyumba ya urithi ambayo imeandikwa kwa jina la kaka mkubwa kwa niaba ya ndugu wote: daftari halitawataja wengine, lakini ukweli unawajua, na kuiongezea deni bila kuwaita barazani ni kuwala ndugu.

Aidha, riba yaweza kubadilika. Benki ikitaka kuipandisha, na mkataba ukiiruhusu, sheria inaitaka imwarifu mdaiwa kwa maandishi siku 30 kabla. Na yule aliyeongeza deni hadi mwisho wa uwezo wake ndiye anayeumizwa kwanza na barua hiyo. Akianza kukosa malipo, hupewa ilani ya miezi mitatu ajirekebishe, na baadaye ilani nyingine ya siku 40 kabla ya nyumba kuuzwa. Kwa hiyo kabla ya kutia sahihi, mwombaji na amtake karani amwandikie kwa mkono wake jumla ya fedha zote zitakazolipwa mpaka siku ya mwisho, pamoja na nyongeza na bila nyongeza, kisha aende nazo nyumbani akazisome pamoja na mwenzake.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaitazama hali ya asiyetaka kulipa wala kupokea riba, na tutaanzia katika bei ya khiyari waliyoijua wazee wetu wa pwani, ambamo mwenye nyumba aliiuza kwa sharti la kuikomboa, akaendelea kukaa humo kwa kodi.