Chuma, Bingwa wa Njia ya Tabora

Katika nchi za wenzetu wako mabingwa wa kupanda farasi ambao, wakishastaafu mashindano, huwafundisha vijana kazi hiyo. Njia yetu ya zamani kutoka Bagamoyo kupita Tabora hadi Ujiji haikukubali farasi. Mbung'o walitawala sehemu kubwa ya mapori yake. Stanley alipotoka pwani mwaka 1871 alikuwa na farasi wawili, na wote walimfia kabla hajafika mbali. Mizigo ilikwenda vichwani na mabegani mwa watu, kwa hiyo bingwa alikuwa yule aliyejua kuwaongoza watu hao. Mwezi huu tumeona vema kuwasimulia wasomaji wetu habari za mmoja wao, James Chuma.

Chuma alikuwa Myao. Mwaka 1861, akiwa bado mtoto, alikombolewa kutoka katika msafara wa watumwa na Dakta Livingstone pamoja na Askofu Mackenzie. Alisomeshwa Bombay, India, akabatizwa huko mwaka 1865. Mwaka uliofuata alirudi Afrika na Livingstone kwa safari ya mwisho ya mzee huyo.

Hakuanza akiwa mtakatifu. Mwaka 1868 yeye na mwenzake Susi walikataa kumfuata bwana wao kwenda Ziwa Bangweulu. Walimwacha aende na watu wachache tu. Waliporudi kwake, mzee aliwapokea tena bila kinyongo.

Mei 1, 1873, Livingstone alifariki katika kijiji cha Chitambo, nchi iitwayo leo Zambia. Moyo wake ulizikwa hapo chini ya mti, na Jacob Wainwright akasoma ibada ya maziko. Mwili ulikaushwa kwa chumvi na jua, ukafungwa kwa nguo na gome la mti, na safari ya kwenda pwani ikaanza.

Vitabu vingi huwataja Susi na Chuma, basi. Lakini akina mama nao walikuwamo! Alikuwamo Ntaoeka, mke wa Chuma. Alikuwamo Halima, mpishi, ambaye Livingstone alimsifu katika shajara yake kwa uaminifu na kuahidi kumnunulia nyumba na bustani huko Unguja. Alifariki kabla ya kuitimiza ahadi hiyo, na Halima akatembea njia yote na maiti ya aliyemwahidi.

Oktoba 1873 Chuma alitangulia kufika Unyanyembe, karibu na Tabora, kupeleka habari kwa Mwingereza Cameron aliyekuwa akipumzika katika tembe la Kwihara. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo Livingstone mwenyewe alikuwa ameishi katika tembe hilo. Cameron aliwashauri wazike palepale. Ushauri huo ulikuwa na busara, kwani njia ilikuwa ya hatari na wenyeji wengi waliogopa kupitishiwa maiti. Wale waliokuwa wakiitwa watumishi walikataa. Bwana wao angezikwa kwao.

Hatari yenyewe ilikuwa kweli. Huko Kasekera, wenyeji walipokataa maiti isipite, walifunga mzigo wa bandia, wakawatuma watu warudi nao Unyanyembe kana kwamba wanakwenda kuzika. Njiani watu hao wakautupa porini. Mwili wenyewe ulifungwa upya kama mtumba wa nguo, ukapita. Februari 1874 walifika Bagamoyo.

Huyo ndiye mtu ambaye baadaye aliwaongoza wengine. Mwaka 1876 alikuwa na Askofu Steere katika safari ya kuwapeleka watumwa walioachwa huru, ambao walianzisha makazi ya Masasi. Mwaka 1879 alichukuliwa na wataalamu wawili kutoka Uingereza kuwa mkuu wa wapagazi wao. Baada ya majuma machache kiongozi wao, Keith Johnston, alifariki Behobeho. Msafara wa watu wapatao 150 ukabaki mikononi mwa kijana Joseph Thomson, mwenye umri wa miaka 21, ambaye hakuwahi kuongoza safari katika Afrika.

Hebu fikirini, akina mama, kijana huyo angefanya nini peke yake? Posho ilipaswa kugawanywa kwa haki. Watu waligombana. Machifu walidai hongo, na ilibidi kujua lipi la kulipa na lipi la kuomba lipunguzwe. Hayo yote Chuma aliyajua, naye Thomson alijifunza kazi hiyo akiwa kando yake. Walifika Nyasa, wakafika Tanganyika, wakarudi kwa kupitia Tabora. Julai 1880 walikuwa pwani, na miongoni mwa wapagazi alikuwa amekufa mmoja tu. Kwa safari za siku zile, ambapo watu walikufa kwa makumi, hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko kombe lolote.

Chuma alifariki Unguja mwaka 1882, bado kijana. Susi, ambaye alikuwa Mwislamu miaka yote ile, alibatizwa mwaka 1886. Jina alilolichagua ni David, jina la Livingstone.