Wiki Mbili Kabla ya Shindano: Punguza Umbali, Usipunguze Kasi

Katika fainali ya mita 100 kwa mtindo wa kipepeo kwenye Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, Mmarekani Michael Phelps aligusa ukuta kwa sekunde 50.58. Mserbia Milorad Čavić aligusa kwa 50.59. Jason Dunford wa Kenya, ambaye katika mchujo alikuwa ameweka rekodi ya Olimpiki ya 51.14 na kuishikilia hadi Čavić alipoivunja katika kundi lililofuata, alimaliza wa tano kwa 51.47. Kutoka medali ya dhahabu hadi nafasi ya tano, sekunde moja haikutimia. Ukiigeuza tofauti hiyo kuwa asilimia, haifiki hata mbili.

Sasa iweke takwimu hiyo kando ya nyingine. Watafiti Iñigo Mujika, Sabino Padilla na David Pyne walilinganisha muda wa waogeleaji wa Olimpiki ya Sydney ya mwaka 2000 na muda wao wa wiki tatu hivi kabla ya michezo hiyo. Kati ya mbio 99 walizozichunguza, 91 zilikuwa na muda bora zaidi kule Sydney, na kwa wastani waogeleaji walijiboresha kwa takriban asilimia 2.2. Kwa anayeogelea mita 100 kwa dakika moja, hiyo ni sekunde moja na nukta tatu. Ni pengo kubwa kuliko lile lililotenganisha, kwa wastani, dhahabu na nafasi ya nne katika mashindano hayohayo. Cha kustaajabisha ni kwamba katika wiki hizo tatu watu hawa hawakuongeza mazoezi. Waliyapunguza.

Jambo hili bado linawasumbua makocha na wazazi wengi, nami naona lastahili kuelezwa kinagaubaga, kwa sababu kila msimu vijana wenye uwezo hufika kwenye shindano kubwa wakiwa wamechoka.

Mazoezi huacha alama mbili mwilini. Ya kwanza ni uimara: moyo unasukuma damu nyingi zaidi, misuli inatumia hewa vizuri zaidi, mkono unajifunza kushika maji. Ya pili ni uchovu. Alama zote mbili hujengeka kwa wakati mmoja, ila haziondoki kwa mwendo mmoja. Uchovu huyeyuka ndani ya siku kadhaa, na uimara hukaa kwa wiki nyingi. Eric Banister wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Canada, aliliweka wazo hili katika hesabu mwaka 1975, na hadi leo ndilo linalotumika kueleza kwa nini mwogeleaji aliye katikati ya msimu mgumu huogelea ovyo. Uwezo anao, lakini umefunikwa, kama kaa la moto chini ya majivu. Kazi ya wiki za mwisho ni kuyaondoa majivu bila kulizima kaa.

Na ndani ya mwili mambo hayasimami. Hazina ya wanga ndani ya misuli, yaani glikojeni, hujaa tena baada ya miezi ya kukombwa kila asubuhi. Michubuko midogo ya nyuzi za misuli hupona. Usingizi huwa mzito. Scott Trappe, David Costill na wenzao wa Chuo Kikuu cha Ball State, Marekani, walichukua vipande vidogo vya misuli ya bega la waogeleaji kabla na baada ya siku 21 za kupunguza mazoezi. Nyuzi zenye kasi zilikuwa zimenenepa, zina nguvu zaidi, na zinajikunja upesi zaidi. Ndiyo kusema mwogeleaji alikuwa amepata misuli bora kwa kuogelea kidogo.

Swali kubwa ni nini hasa kipunguzwe, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Mwaka 2007 Laurent Bosquet na wenzake walikusanya tafiti za waogeleaji, wakimbiaji na waendesha baiskeli wakaziweka pamoja. Jibu walilolipata ni rahisi kulikumbuka: kwa muda wa wiki mbili hivi, punguza umbali kwa kati ya asilimia 41 na 60, lakini kasi iache ilivyo, na idadi ya siku za mazoezi iache ilivyo. Wengi hufanya kinyume. Mwogeleaji anaambiwa apumzike, anakosa bwawa siku tatu, kisha anarudi na kuogelea umbali uleule wa zamani kwa mwendo wa kutalii. Hapo amepoteza vyote. Mwili husahau kasi haraka, na ule mshiko wa maji ambao kila mwogeleaji anaujua mkononi huanza kupotea baada ya siku chache tu nje ya bwawa.

Tuchukue kijana wa miaka 17 anayeogelea mita 5,000 kila siku, na mbio yake kuu ni mita 100 fristaili. Wiki ya kwanza kocha anamteremsha hadi 4,000, kisha 3,500. Wiki ya pili anashuka kutoka 2,500 hadi chini ya 2,000. Siku tano kabla ya shindano mazoezi yake yanaweza kuwa hivi: mita 600 taratibu za kupasha mwili, mita 50 mara nne za kurekebisha mkono na pumzi, halafu mita 25 mara sita kwa kasi kamili ya mbio, akipumzika dakika mbili nzima kati ya moja na nyingine. Baadaye anaruka mara nne kutoka jukwaa la kuanzia, anageuka ukutani mara nane kwa nguvu zote, na kumaliza kwa mita 400 za kulegeza viungo. Kwa muda wa saa moja, mita zilizoogelewa kwa kasi ya mbio ni 150 tu za zile za 25, pamoja na hizo za kuruka na kugeuka. Lakini kila moja ameiogelea akiwa mzima, mkono umenyooka, na saa ya kocha inaonyesha muda anaoutaka siku ya shindano.

Si wote wanaopimwa kwa kipimo hicho. Mwenye mbio fupi na misuli mikubwa huhitaji muda mrefu zaidi, pengine wiki tatu, na mazoezi ya vyuma anapaswa kuanza kuyaacha mapema. Wa mita 800 au 1,500 hupunguza kidogo na kwa muda mfupi, kwa sababu akikaa mno anapoteza pumzi. Watoto wa chini ya miaka 13 hawana uchovu wa miezi wa kuondoa. Siku tatu nne za mazoezi mepesi zinawatosha. Na ambaye msimu mzima alihudhuria mara mbili kwa wiki asipunguze kitu chochote. Kupunguza mazoezi hudhihirisha kazi iliyofanyika, haikuumbii ambayo hukuifanya.

Kuna siku moja ya hatari ambayo kocha anapaswa kuitangaza mapema. Kwa kawaida huja kati ya siku ya nne na ya saba tangu mazoezi yaanze kupunguzwa. Kijana anaingia majini, anahisi mikono mizito kama aliyevaa sweta, muda wake umerudi nyuma, na anatoka akiwa na machozi. Mzazi anapiga simu: mtoto amelegea, mwongezee mazoezi. Usimwongezee. Mwili ulioacha kupigwa kila siku huwa na siku za kuzubaa kabla ya kuchangamka, na wengine hununa na kukosa subira hata nyumbani. Kocha aliyeogopa siku hiyo na kumpa kijana mita 6,000 za kumwamsha amemrudisha kwenye uchovu uleule, na siku zilizobaki hazitoshi kuuondoa tena.

Chakula nacho kina hesabu yake. Anayeogelea nusu ya umbali anachoma kidogo, kwa hiyo sahani za chapati na soda zinazoendelea kama katikati ya msimu zitamnenepesha. Lakini wanga usikatwe. Wali, viazi na ndizi ndivyo vinavyojaza glikojeni, na kila gramu ya glikojeni huhifadhiwa pamoja na takriban gramu tatu za maji, hivyo kilo moja kuongezeka kwenye mizani si jambo la kumtia mtu hofu. Kinachofaa kupungua ni mafuta na vitu vitamu vya kati ya milo. Na jioni za ziada ambazo sasa hana mazoezi zisigeuke za mpira wa miguu mtaani au kukesha na simu. Miguu iliyokimbia saa mbili uwanjani haitapiga maji vizuri kesho yake.

Haya si mambo mapya. Kocha Forbes Carlile wa Australia alianza kuyachunguza pamoja na Profesa Frank Cotton wa Chuo Kikuu cha Sydney katikati ya karne iliyopita, wakati makocha wengi waliamini kwamba kupumzika ni uvivu. Baadaye mwanafunzi wake Shane Gould, akiwa na miaka 15, alitwaa dhahabu tatu katika Olimpiki ya Munich ya mwaka 1972.

Kocha anayesoma makala hii hahitaji maabara. Anahitaji daftari. Kwa kila mwogeleaji aandike umbali wa kila siku katika wiki tatu za mwisho, saa alizolala, hali yake na muda wake siku ya shindano. Misimu miwili ikipita, atajua nani anahitaji siku kumi na nani ishirini, maana hakuna kitabu kitakachomwambia hilo. Mzazi naye akimwona mtoto wake ametoka majini mapema wiki ya shindano, ampeleke nyumbani akalale.