Panga kabla ya dawa: jinsi ya kuibana chule ya maembe

Embe linalofika sokoni Baraka, katika eneo la Fizi mashariki mwa Kongo, likiwa na madoa meusi limeugua muda mrefu kabla ya kuchumwa. Ugonjwa huo, chule, unaletwa na kuvu iitwayo Colletotrichum gloeosporioides, ambayo huanza kazi yake kwenye maua. Mvua au ukungu ukiyakuta maua, shada zima huweza kuwa jeusi na kukauka. Ikikuta tunda changa, kuvu hupenya ganda na kujilaza humo bila dalili hadi embe linapoiva. Hivyo kikapu kinaweza kutoka kijiji cha Lubondja kikiwa safi, na siku chache baadaye mnunuzi akamlaumu mchuuzi bure. Mwenye mti naye huuliza anyunyize dawa gani ya asili, majani ya mwarobaini au majivu. Swali hilo si baya, ila limetangulia lingine lililo muhimu zaidi: kuvu hiyo inalala wapi, na inapata wapi maji?

Inalala kwenye mti wenyewe. Vijiti vilivyokufa, majani makavu yaliyonasa kati ya matawi, mashada ya mwaka jana na maembe yaliyonyauka bila kudondoka, vyote hivyo ni ghala la vimbegu vyake. Vimbegu hivyo hushikwa na utando mzito, kwa hiyo upepo peke yake hauvifikishi mbali. Matone ya mvua ndiyo huvirusha kutoka kijiti kikavu hadi ua lililo chini yake. Vikishatua, vinahitaji jani au ua libaki na unyevu kwa saa kadhaa ndipo viote. Mwembe uliosongamana hukauka polepole baada ya mvua, na huo ndio muda ambao kuvu inautaka. Basi kupogolea baada ya mavuno, kutoa matawi makavu na kufungua katikati ya mti ili jua na upepo vipite, kisha kuchoma au kufukia mabaki mbali na shina, hupiga ghala na maji kwa wakati mmoja.

Kusini mwa Tanzania somo hili lilipatikana kwa gharama kubwa kwenye mikorosho. Zao la korosho la nchi nzima, lililofikia takriban tani 145,000 msimu wa 1973/74, lilianguka hadi chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87. Bei mbaya na kuhamishiwa kwa watu katika vijiji vya ujamaa vilichangia sana, lakini kuvu nyingine, ile ya ubwiriunga, ilimalizia. Wakulima waliokolewa na unga wa salfa, madini ya asili kabisa. Baadaye watafiti wakaona mambo mawili: salfa inayoanguka chini mwaka baada ya mwaka huongeza uchachu wa udongo, na kuondoa machipukizi machanga ndani ya mti kabla ya msimu wa maua huchelewesha ugonjwa. Shaba nayo, kama salfa, huacha madhara kwenye udongo. Mchanganyiko wa mrututu, yaani chumvi ya shaba, na chokaa, uliotangazwa na mtaalamu wa mimea Millardet huko Bordeaux mwaka 1885 kwa ajili ya mizabibu, bado unafaa kuzuia chule, lakini shaba haiozi. Hujilimbikiza ardhini na kuumiza minyoo inayolainisha udongo. Neno asili halimaanishi salama.

Wapo watakaosema miembe ya Fizi ni mirefu na mizee, haipandiki. Ni kweli, na hakuna haja ya kukata mti wote mwaka mmoja: matawi makavu ya chini yaondolewe kwanza, na kilele kishushwe kidogo kidogo kwa miaka mitatu au minne. Mti uliokatwa sana unaweza kuzaa kidogo msimu unaofuata, hasara ambayo mwenye shamba aijue mapema. Wengine watauliza faida iko wapi ikiwa jirani hapogolei. Kwa ubwiriunga, ambao vimbegu vyake hupeperuka, hoja hiyo ina uzito. Kwa chule haina uzito huo, kwa sababu adui mkubwa wa mwembe wako yuko juu ya mwembe wako. Na mwarobaini? Una nguvu kiasi dhidi ya kuvu, lakini mvua huusafisha haraka, na juu ya mti uliojaa vijiti vikavu ni kazi ya kurudia bila mwisho.

Kwa maembe yaliyokwisha kuchumwa ipo njia isiyo na kemikali hata chembe: kuyatumbukiza katika maji ya nyuzi 52 hadi 55 kwa dakika tano hadi kumi, kisha kuyapoza. Joto hilo huua kuvu iliyojilaza chini ya ganda. Likizidi, ganda huungua. Kukadiria kwa kidole hakutoshi, hivyo wachuuzi wanaosafirisha maembe kwenda Baraka wachangishane kununua kipimajoto kimoja, na wenye miembe waanze kupogolea mara mavuno yanapokwisha, bila kungoja maua yatokee.