Kwa nini kanuni za biashara hazifai kufichwa kwenye skrini

Kwa miaka mingi, Mkenya aliyeulizwa nambari ya simu ya mkono alitaja tarakimu kumi zinazoanza kwa 07. Waundaji wengi wa programu za tarakilishi waliichukulia hali hiyo kuwa ya kudumu. Mnamo 2019 zikaja nambari zinazoanza kwa 01, na baadhi ya waliozinunua wakaambiwa na fomu za mtandaoni kwamba nambari zao ni batili.

Nambari hazikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa katika kanuni ya kuzikagua, na hasa mahali ilipoandikwa.

Katika programu nyingi za biashara, kanuni kama hiyo hupachikwa ndani ya maagizo yaleyale yanayochora skrini: hapa kisanduku cha jina, pale kitufe cha kuhifadhi, na katikati yake sharti kwamba nambari ianze kwa 07. Tuchukulie chama cha akiba na mikopo chenye skrini ya karani, tovuti ya wanachama na huduma ya simu. Sharti hilo moja huwa limeandikwa mara tatu, pengine na watu watatu. Linapobadilika, mmoja hurekebisha lake, wa pili husahau, wa tatu alishaacha kazi. Mwanachama hukubaliwa kwenye kaunta na kukataliwa kwenye simu, na karani asiye na hatia ndiye anayefokewa.

Dawa yake si ngeni. Kanuni zote za uhakiki huwekwa katika sehemu moja ya programu isiyojua lolote kuhusu rangi, vitufe wala visanduku. Skrini hupokea kilichoandikwa, hukikabidhi kwa sehemu hiyo, kisha huonyesha jibu: kinafaa, au hakifai kwa sababu fulani. Iwapo sababu hiyo itaonyeshwa kwa maandishi mekundu au kwa ujumbe mfupi, hilo ni shauri la skrini.

Kiwango cha juu cha kutuma pesa kwa M-Pesa kwa mara moja kilipandishwa kutoka Sh70,000 hadi Sh150,000 mnamo Machi 2020, kisha Sh250,000 mnamo 2023. Mtaalamu aliyeandika kiwango cha aina hiyo katika skrini kumi hulazimika kuzisaka zote kumi, kila mara. Mwenzake aliyekiweka mahali pamoja hubadilisha mstari mmoja.

Wapo wanaoshikilia kwamba skrini ijikagulie yenyewe ili mteja asisubiri. Hoja hiyo ina uzito, hasa mtandao unapokuwa hafifu, na si vibaya skrini kuonya mapema kisanduku kikiachwa wazi. Lakini huo ni ukarimu tu, si ulinzi. Mjuzi mwenye nia mbaya anaweza kutuma data hadi kwenye seva bila kuipitia skrini kabisa. Ndiyo maana ukaguzi wa mwisho sharti ufanyike huko kwenye seva, kabla ya chochote kuhifadhiwa.

Meneja anayetaka kuipima programu anayouziwa hahitaji kusomea uhandisi. Amuulize mwuzaji: nikibadilisha kiwango cha juu cha mkopo, utarekebisha mahali pangapi?