Je, Wajua? Majuto Baada ya Upasuaji wa Mgongo

Je, wajua kwamba majuto ya mgonjwa yana kipimo chake? Mwaka 2003 watafiti wa Ottawa, Kanada, wakiongozwa na Jamie Brehaut, walichapisha kipimo chenye kauli tano tu. Mgonjwa huulizwa anakubaliana kiasi gani na kila kauli: uamuzi ulikuwa sahihi, ninaujutia, ningeambiwa nichague tena ningechagua vilevile, umenidhuru sana, ulikuwa uamuzi wa busara. Majibu hugeuzwa kuwa alama za kuanzia 0, yaani hakuna majuto kabisa, hadi 100. Katika kauli zote tano, neno maumivu halimo. Kinachopimwa ni uamuzi. Ndiyo maana yupo anayeumwa bado na hajuti, na yupo anayetembea vizuri kuliko zamani ila anatamani asingepasuliwa.

Miongoni mwa upasuaji mzito kabisa wa mgongo ni ule wa kunyoosha uti uliopinda kwa watu wazima. Madaktari hufungua mgongo, hupachika skrubu kwenye pingili nyingi, huziunganisha kwa vyuma virefu, na wakati mwingine hukata mfupa ili uti urudi kwenye mstari wake. Kazi hiyo huchukua saa nyingi. Watafiti wa Marekani waliowauliza wagonjwa wa aina hii kwa kutumia kipimo cha Ottawa walikuta takriban wanne kati ya watano wakisema uamuzi ulikuwa sahihi, na takriban mmoja kati ya watano akijuta. Waliokuwa na sonona kabla ya upasuaji walielekea zaidi kujuta. Jambo hili linastahili uzito kuliko linavyopewa: kabla ya kuingizwa chumba cha upasuaji mgonjwa hupimwa presha, sukari, damu na moyo, lakini ni nadra kuulizwa kama analala usiku au kama amekata tamaa ya maisha.

Na je, wajua kwamba hata nguvu za miguu baada ya upasuaji huo hutegemea umezipima lini? Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2016 ulifuatilia watu wazima 272 waliofanyiwa upasuaji mgumu wa uti uliopinda katika vituo 15 vya Amerika Kaskazini, Ulaya na Asia. Siku ya kuruhusiwa, takriban asilimia 22 walikuwa na miguu dhaifu kuliko walivyoingia. Baada ya miezi sita walibaki takriban asilimia 11. Anayeambiwa mapema kwamba nguvu huweza kupungua kwanza, na kwamba kwa wengine hairudi yote, hulipokea jambo hilo tofauti na anayeligundua mwenyewe akiwa kitandani.

Picha ya MRI nayo huwatisha wengi. Mapitio ya tafiti 33, yaliyochapishwa mwaka 2015, yalikusanya picha za watu 3,110 wasioumwa mgongo hata kidogo. Dalili za kuchakaa kwa diski, yaani mito iliyo kati ya pingili, zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye umri wa miaka 20 na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Kwa hiyo daktari mzuri haipasui picha. Hutafuta kwanza kama kilichoonekana kwenye picha kinalingana na mahali unapoumwa, ganzi inaposhukia na msuli uliolegea.

Hapo unapoumwa ndipo lilipo chimbuko mojawapo la majuto, na laiti kila mgonjwa angelijua kabla ya kutia sahihi fomu ya ridhaa. Diski inapochomoza na kuubana mshipa wa fahamu, maumivu hushuka kwenye tako na mguu, wakati mwingine hadi kidoleni. Upasuaji wa kuondoa kipande kinachobana huyatuliza vizuri maumivu hayo ya mguu. Maumivu ya mgongo wenyewe hayana uhakika huo. Sasa mgonjwa aliyekwenda kutafuta nafuu ya kiuno anaamka mguu umepona na kiuno bado kinauma. Kwa daktari, kazi imefanikiwa. Kwa mgonjwa, amepasuliwa bure. Wote wawili wanasema kweli, ila hawakukubaliana tangu mwanzo nini kinatibiwa.

Diski iliyochomoza huweza pia kusinyaa yenyewe. Chembe za kinga za mwili hukila kile kipande kilichotoka, na mara nyingi vipande vikubwa ndivyo hupungua zaidi. Nchini Uholanzi, wagonjwa 283 wenye maumivu makali ya mguu waligawanywa makundi mawili: wengine wapasuliwe mapema, wengine wasubiri kwa dawa na uangalizi. Matokeo yalitoka mwaka 2007. Waliopasuliwa mapema walipata nafuu haraka zaidi. Katika kundi la kusubiri, asilimia 39 waliishia kupasuliwa. Lakini mwaka ulipotimia, asilimia 95 ya kila kundi walisema wamepona. Kwa wagonjwa wa namna hiyo, upasuaji hununua muda, na muda una thamani kubwa kwa anayeishi kwa kibarua cha kila siku.



Huku kwetu ukitaja operesheni ya mgongo, wa kwanza kukusikia atakwambia utapooza. Hatari hiyo ipo, na lazima daktari akueleze ukubwa wake kwa hali yako. Muulize pia: unatibu mguu au kiuno? Nisipopasuliwa itakuwaje? Nitarudi kazini lini? Lakini ipo hali ambayo kuchelewa ndiko kunakoleta ulemavu. Mtu mwenye maumivu ya mgongo akishindwa ghafla kukojoa au kuzuia mkojo au choo, au akipata ganzi sehemu za siri na kuzunguka njia ya haja kubwa, huenda mishipa ya fahamu ya mwisho wa uti inabanwa. Huyo asisubiri miadi wala dawa ya kuchua. Apelekwe hospitali saa hiyohiyo.