Kuchagua Lenzi ya Pembe Pana kwa Fedha Kidogo: Ushauri kwa Mpiga Picha wa Mandhari

Lenzi huweza kumgharimu mnunuzi zaidi ya kamera yenyewe. Kwa kijana wa Kifungilo anayetaka kuuza picha za Milima ya Usambara kwa wageni, au kwa mwalimu anayepiga picha kwa kupenda tu, bei ya lenzi ya pembe pana ni akiba ya miezi mingi, na ikinunuliwa isiyofaa si rahisi fedha hiyo kurudi. Kwa sababu hiyo tunaanza na swali ambalo wauza lenzi hawana haja ya kuliuliza: je, picha unayoitaka inaihitaji?

Lenzi ya pembe pana huingiza mengi katika picha, lakini kila kilicho mbali hukifanya kuwa kidogo. Anayesimama Irente na kutazama ukingo wa milima unavyoporomoka hadi tambarare za Mazinde huvutiwa na ukubwa wa kile anachokiona. Akikipiga kwa lenzi pana sana, hupata anga tele, ardhi tele, na katikati mstari mwembamba wa vilima visivyomshangaza mtu. Mandhari ya namna hiyo, pamoja na ile ya Mtae inayotazama Mkomazi, mara nyingi hupendeza zaidi kwa lenzi ya kawaida, au hata ile inayovuta vitu vya mbali. Pembe pana hufaa pale ambapo kuna kitu karibu na miguu ya mpiga picha: matuta ya mboga yanayopinda kufuata kilima, mawe ya mto chini ya maporomoko ya Soni, au shina la mti mkubwa ndani ya msitu wa Magamba, ambako hakuna nafasi ya kurudi nyuma.

Jibu unaweza kulipata bila kutumia hata shilingi. Kamera kuu ya simu nyingi za kisasa huona takribani sawa na lenzi ya milimita 24 hadi 28 katika kamera yenye kihisi kikubwa. Simu yenye kitufe kilichoandikwa 0.5 huona karibu sawa na milimita 13 hadi 16. Piga mandhari ileile kwa njia zote mbili kwa wiki chache, kisha hesabu ni picha ngapi za 0.5 ulizopenda. Zikiwa chache, hifadhi fedha yako. Aidha, mwenye lenzi ya 18–55, ambayo aghalabu huuzwa pamoja na kamera, anaweza kuisimamisha kamera wima, akapiga picha tano au sita zinazopishana kwa theluthi moja, na kuziunganisha kwa programu ya bure kama Hugin. Njia hiyo haifai panapokuwa na matawi yanayopeperushwa na upepo, lakini kwa milima iliyotulia hutoa picha kubwa na yenye maelezo mengi.

Ukiona bado unaihitaji, tambua kwanza kamera yako. Namba iliyoandikwa kwenye lenzi haitoshi kueleza upana wake mpaka ujue ukubwa wa kihisi, yaani kile kibati ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Kihisi kamili kina milimita 36 kwa 24. Kamera nyingi za bei nafuu zina kihisi kidogo zaidi kiitwacho APS-C. Kwa hizo zidisha namba ya lenzi kwa 1.5, au kwa 1.6 ikiwa ni Canon. Hivyo milimita 18 huwa kama 27 au 29, upana wa wastani tu, na ili kupata pembe pana hasa hutafutwa lenzi inayoanzia milimita 10 hadi 12. Mnunuzi anayeambiwa kwamba lenzi ya milimita 24 ni «pana sana», naye ana kamera ya APS-C, atanunua kitu ambacho tayari anacho.

Jambo la pili ni kifungio, yaani mdomo unaoshika lenzi. Lenzi ya Canon ya EF-S 10–18, iliyotoka mwaka 2014 kwa ajili ya wanunuzi wa kawaida, haiingii katika kamera za Canon za kioo zenye kihisi kamili. Lenzi ya Nikon ya AF-P DX 10–20 ya mwaka 2017 huingia katika kamera za zamani za Nikon, lakini kadhaa kati ya hizo haziwezi kuilenga kabisa. Na kamera za Nikon za familia ya D3000 na D5000 hazina mota ya kulenga, kwa hiyo lenzi ya zamani isiyo na mota yake yenyewe utailenga kwa mkono kila mara. Beba kamera yako dukani. Hakuna maelezo ya muuzaji yanayoshinda jaribio hilo.

Usilipie mwanga usiouhitaji. Lenzi za f/2.8 ni ghali na nzito, na faida yake huonekana kwa anayepiga nyota usiku. Mandhari ya mchana hupigwa kwa f/8 au f/11, na hapo lenzi ya f/4.5 hufanya kazi ileile. Tofauti ya bei itakununulia stendi imara ya miguu mitatu, ambayo kwa maoni yetu itaboresha picha za alfajiri kuliko lenzi yoyote. Viongezeo vya bei ndogo vinavyofungwa mbele ya lenzi ili «kuipanua» hatuvipendekezi: pembe za picha huwa giza na ukungu.

Neno ukungu lina maana mbili, na kwa mkazi wa Usambara zote zinahusika. Unyevunyevu wa milimani huotesha kuvu ndani ya vioo. Kwa lenzi ya mtumba, fungua tundu lake, mulika tochi kutoka nyuma na utazame kwa mshazari. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, iache. Kisha piga ukuta wa matofali kwa f/8 na ukuze pembe zote nne za picha. Pembe moja ikififia kuliko nyingine tatu, huenda kioo kimehama, pengine kwa kuanguka.

Ukaguzi huo una uzito kisheria pia. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, hutaka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, lakini aliyeikagua hawezi kulalamikia ubora wake kwa kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuifichua. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 nayo hukataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, kwa mfano kuuza kilichotumika kama kipya, na malalamiko hupokelewa na Tume ya Ushindani. Dai risiti ya EFD, na uombe iandikwe jina kamili la lenzi, namba yake ya utambulisho na kama ni mpya au imetumika. Unaponunua kwa mtu asiye mfanyabiashara kinga hizi hupungua sana, basi mwandikiane hati ya mauzo mbele ya shahidi, na fedha zilipwe baada ya jaribio la ukuta, si kabla.